Historia Kwenye Ngazi za Nyumba Yetu

Mwezi mmoja baada ya kumzika Baba, mafundi walikuja kazini kwetu kubandika karatasi mpya za ukutani katika chumba cha kusubiria wagonjwa. Mimi ni mpokezi katika kliniki ya meno, nakaa kwenye meza iliyo karibu na mlango, kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kuisikia harufu ya gundi yao. Ni ile ya unga inayokorogwa na maji kwenye ndoo, yenye harufu ya uji uliolala. Nilimwambia mwenzangu anishikie simu, nikatoka nje nikasimama kati ya magari yaliyoegeshwa. Alinifuata akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia ni gundi tu. Nisingeweza kumweleza, pale uwanjani na baridi ile, kwamba kwa harufu hiyo nilimwona mama yangu akiwa kijana, mikono yake imekaukiwa na gundi mpaka kwenye viwiko, anacheka.

Tulikaa Lozells, mtaa mmoja wa Birmingham huku Uingereza, katika nyumba nyembamba iliyobanwa na nyumba nyingine kulia na kushoto. Chini kulikuwa na sebule na jiko, juu vyumba viwili na choo, na katikati ngazi ya vidato kumi na vitatu iliyopanda wima. Baba, Khamis, alikuwa dereva wa basi la mjini. Mama, Zuhura, alifanya kazi katika jiko la hospitali, akipanga sinia za chakula cha wagonjwa. Kwao Unguja alikuwa mwalimu wa historia, miaka mitano katika skuli ya sekondari, kisha akaja Birmingham kumuuguza shangazi yake na hakurudi tena. Baba alitokea Dar es Salaam, ambako baba yake mzazi alihamia zamani akitokea hukohuko Unguja. Walikutana hapa, kwenye harusi ya watu wengine, wakaoana hapa, na wazee wao wakaarifiwa kwa simu.

Nilipokuwa na miaka minane niliacha kusema skuli. Nyumbani nilisema, tena sana, na kwa Kiingereza. Mama akiniuliza kwa Kiswahili mimi namjibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa mtaa wetu. Lakini nikivuka lango la skuli maneno yalikwama. Sikupigwa na mtu, sikutukanwa. Nilikuwa nikifungua kinywa nasikia ulimi umekuwa mzito kama kiatu kilicholowa. Muhula mzima ulipita hivyo, wakanihamishia meza ya watoto wazito wa kuelewa, kisha wakamwita Mama. Nilikaa pembeni nikawasikia wakimwambia neno moja moja, kwa sauti kubwa, kana kwamba yeye ndiye aliyeshindwa kusema. Mama aliitikia kila neno kwa adabu.

Baba alikuwa anavua viatu mlangoni tulipoingia.

“Namtoa skuli,” Mama akamwambia.

“Unampeleka wapi?”

“Simpeleki popote. Nitamsomesha mwenyewe, hapahapa.”

“Zuhura, na kazi?”

“Nitaomba zamu za jioni, wewe ukisharudi. Mimi ni mwalimu, Khamis. Nimesahau mpaka nimesahaulika, lakini ni mwalimu.”

Baba alimtazama muda, kiatu kimoja mkononi. Kisha akasema, “Haya, Mwalimu.” Tangu siku hiyo hakumwita kwa jina lake isipokuwa mara chache, na moja ya mara hizo nitaifikia.

Sheria ya huku inaruhusu mzazi kusomesha mtoto nyumbani, na kuna watu wanaotengeneza mitaala kwa ajili hiyo. Mama alipata habari za mwanamke mmoja wa Harborne, upande mwingine wa jiji, ambaye watoto wake walikuwa wamekwisha kupita umri wa mtaala wao wa historia. Tulipanda mabasi mawili kumfuata. Alikuwa Mwingereza mwenye nywele ndefu za mvi, anatembea pekupeku ndani ya nyumba yake, na alitukabidhi sanduku zito la vitabu, mafaili na kadi za picha kama mtu anayekabidhi paka wake. Tulipokuwa kituoni tunangoja basi, Mama hakuweza kuvumilia. Aliweka sanduku juu ya benchi, akatoa kitabu cha mwalimu, akanisomea ukurasa wa kwanza akiugeuza kwa Kiswahili: mtaala huu ni wenu, ubadilisheni ufae familia yenu.

“Umesikia?” akaniuliza, kidole chake bado kiko kwenye mstari. “Ufae familia yetu.”

Akaubadilisha kweli. Wafalme wa Uingereza aliwaacha, akasema unakaa kwao lazima uwajue, lakini aliwabana wiki saba zikawa tatu. Pale penye kujenga nyumba ya mbao ya Waingereza wa kale kwa makasha ya maziwa, tulijenga nyumba ya Mji Mkongwe yenye baraza na mlango wa njumu, ile misumari mikubwa ya shaba, na njumu zenyewe zilikuwa karafuu. Pale penye kupika karamu ya ngome, tulipika pilau, Mama akanieleza kila kiungo kilifika kwenye sufuria yetu kwa safari gani na kwa dhuluma ya nani. Aliandika kurasa zake kwa mkono, kwa hati ya mwalimu iliyolala upande mmoja, akazitia kwenye mifuko ya plastiki na kuzipachika katikati ya kurasa za kitabu. Sanduku lilipofika kwetu lilifungika. Baada ya miezi miwili halikufungika tena.

Mtaala ulitaka kila familia iwe na karatasi ndefu ukutani ya kupanga nyakati. Mama alinunua roli la karatasi ya ukutani, ile nyeupe isiyo na maua, akakoroga gundi ndani ya ndoo ya kufulia, tukaibandika kuanzia mlango wa mbele, ukumbini, hadi juu ya ngazi. Firauni alikaa juu ya viatu vyetu. Mtume alizaliwa karibu na mlango wa jiko. Wareno waliingia Mombasa kwenye kidato cha kwanza, masultani wakafuatia cha nne na cha tano, biashara ya watumwa ikashika vidato viwili vizima kwa sababu Mama alisema kimoja hakitoshi. Sisi, yaani leo, tulikuwa juu kabisa, karibu na mlango wa choo. Kwa miaka mingi baadaye nikisikia mtu anasema karne fulani, mguu wangu hujiinua wenyewe.

Mwanamke wa baraza la jiji alikuja kutukagua. Mama alikuwa ameamka na hofu, amepanga mafaili mezani, ametengeneza kahawa na kashata. Mgeni hakuyagusa mafaili. Alipanda ngazi, kidato kwa kidato, mkono kwenye reli, akisoma kila kadi, na aliposhuka alimwambia Mama kwamba angetamani yeye mwenyewe angesomeshwa hivi. Mlango ulipofungwa Mama alikaa kwenye kidato cha chini, akajifunika uso kwa mtandio, akacheka peke yake mpaka mabega yakatikisika. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo, na sijamwona hivyo tena.

Kadiri tulivyopanda ndivyo Mama alivyopunguza mwendo. Kidato cha kumi kilikuwa cha Mapinduzi na miaka iliyofuata. Aliweka kadi moja yenye mistari miwili, akaipiga kofi dogo ishike, akataka tuendelee. Mimi nilikuwa nimeshazoea kwamba kila kidato kina mtu wetu: babu wa babu aliyekuwa fundi wa milango, bibi aliyekwenda Hija kwa meli. Nikamuuliza hapa yuko nani wetu.

“Baba yangu,” akasema. “Alichukuliwa. Mimi nilikuwa bado tumboni.”

“Na nani?”

“Watu wa serikali ya wakati ule. Walikuja na gari.”

“Kisha?”

“Kisha hakurudi. Tutaiandika siku nyingine.”

Lazima niseme hapa Kiswahili changu kilikuwaje, maana yote yaliyofuata yalitokana na hapo. Kuchukuliwa, katika nyumba yetu, lilikuwa neno la kila siku. Nani atamchukua mtoto leo? Kaa langoni, Baba atakuja kukuchukua. Kuchukuliwa ilikuwa ni kusimama kwenye mvua na kuona uso unaoujua unatokea. Na kutorudi hakukunishtua. Mama hakurudi Unguja. Baba hakurudi Dar. Mtaa wetu mzima ulikuwa wa watu waliokwenda mahali na hawakurudi, na walikuwa wazima, wananunua mihogo na kugombana juu ya maegesho. Nilijua babu yangu alikufa, kwa sababu wote waliokuwa vidatoni walikuwa wamekufa. Lakini nilidhani alichukuliwa kwanza, akakaa huko alikokwenda miaka yake, kisha akafa kama watu wengine.

Wiki zile zile mtaala ulikuwa na zoezi la kumhoji mzee wa familia. Maswali yalikuwa tayari yamechapwa, na chini yake ushauri: uliza mambo madogo, rangi, harufu, majina. Mama alinipangia nimhoji mama yake, Bibi, juu ya michezo na vyakula vya utotoni. Wenzangu wa umri wangu mnazikumbuka zile kadi za simu za kukwangua, namba zake ndefu na ile sauti ya mwanamke inayokwambia dakika zilizobaki. Jumamosi moja mchana Mama alikwangua kadi, akapiga, akamsalimu Bibi, akaniachia simu na daftari, akaenda dukani kununua tui.

“Mke mwenzangu, hujambo?” Bibi akaniuliza. Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa utani wa bibi na mjukuu wake, kana kwamba sote wawili tumeolewa na babu mmoja.

Tulimaliza michezo haraka. Nilimuuliza babu alichukuliwa vipi.

Nilidhani simu imekatika, nikaita. Akasema yupo. Halafu akaanza, kwa maneno mepesi mepesi ambayo nilikuwa nayaweza, na mimi nikafuata ushauri wa mtaala. Gari rangi gani? Kijani. Babu alivaa nini? Shati jeupe, alikuwa ametoka kuoga, alikuwa anataka kula. Watu wangapi? Wawili nyuma, na dereva. Dereva ni nani?

“Tulimjua,” Bibi akasema. “Kijana wa jirani. Alikuwa akila kwetu. Haji Kijiti.”

Nilipiga ukelele wa furaha. Haji Kijiti alikuwa babu yangu mwingine, baba yake Baba! Alikuwa amekwisha kufa, lakini picha yake ilikuwa sebuleni kwetu, mwembamba kama ufito, na Baba alipenda kusimulia jinsi marafiki zake walivyompa jina hilo la utani, na jinsi udereva ulivyo wa kurithi katika ukoo wao. Nilimuuliza Bibi kama ni huyo huyo.

“Ndiye,” akasema. “Andika, mke mwenzangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza.”

Nikamuuliza wakaenda wapi. Yule mwanamke wa kadi akaingia kati akasema imebaki dakika moja, kisha simu ikakatika.

Nimejiuliza sana kwa nini aliniambia. Pengine aliona Kiswahili changu ni kibovu kiasi kwamba kunisimulia ni kama kuusimulia ukuta. Pengine alichoka. Najua tu kwamba nilipoweka simu chini nilikuwa na furaha isiyo kifani, kwa sababu nilikuwa nimegundua jambo ambalo hata Mwalimu hakulijua: babu zangu wawili walijuana, walikula pamoja, walipanda gari moja. Nilichora gari la kijani. Nikamchora Babu Haji kwenye usukani na babu wa shati jeupe kando yake, si nyuma, kwa kuwa marafiki hukaa mbele. Wote wanacheka. Chini nikaandika kwa Kiswahili, jambo nililolifanya mara chache: Babu Haji alimpa babu lifti. Nikapaka gundi ya ndoo, nikaibandika kidato cha kumi.

Baba alirudi kutoka kazini na Mama kutoka dukani karibu wakati mmoja. Niliwaamuru wafumbe macho, nikawavuta kwa mikono hadi kwenye kidato cha kumi, mmoja nyuma ya mwingine kwa wembamba wake, nikawaambia wafumbue.

Mama alikuwa mbele. Alisoma kama alivyosoma kazi zangu zote, kidole hewani kama kalamu. Kisha akasoma tena. Gundi ilikuwa bado mbichi, inachuruzika chini ya gurudumu, akaifuta kwa kidole.

“Nani kakwambia hivi?”

“Bibi.”

“Bibi kakwambia Haji Kijiti?”

“Ndiyo! Nikamuuliza ni babu huyuhuyu, akasema ndiye.”

Mama aligeuka taratibu. Baba alikuwa kidato kimoja chini yake, bado na sare ya kazi, na lile tabasamu la kunifurahisha lilikuwa limebaki usoni mwake bila mtu ndani yake.

“Ulijua?” Mama akamuuliza.

“Alikuwa dereva tu, Zuhura. Kijana wa miaka ishirini. Aliambiwa endesha, akaendesha.”

“Sikukuuliza hilo.”

Baba akaishika reli.

“Nilijua,” Baba akasema.

“Tangu lini?”

“Nilipompigia kumwambia naoa. Nikamtajia watu wako. Akalia kwenye simu. Mzee yule sikuwahi kumsikia akilia.”

“Na wewe ukafanyaje?”

“Nikaogopa utanikataa.”

“Hukunipa nafasi ya kukukataa,” Mama akasema. “Wala ya kukukubali.”

Alimpita pale kwenye ngazi bila kumgusa, jambo ambalo kwa wembamba wa ngazi ile sijui liliwezekanaje, akatoka na ndara za ndani kwenye mvua kununua kadi nyingine ya simu. Aliporudi alimpigia mama yake, amesimama jikoni, na mimi nikasikia upande wake tu. Mara ngapi nilikuuliza mimi? Baadaye nilikuja kujua kilichosemwa upande wa pili: kwamba picha ya harusi ilipofika Unguja, Bibi aliiona sura ya Haji Kijiti kwenye uso wa mkwewe, akaulizia, akahakikisha, na wakati huo tayari Mama alikuwa na mimba yangu. Bibi mwenyewe alikuwa na mimba gari lilipokuja. Akaona bora mtoto huyu azaliwe na baba ndani ya nyumba. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha nikamsikia akisema, “Basi, mama. Basi. Usilie.”

Hakuna aliyenigombeza. Hilo ndilo lililonichanganya. Hakuna aliyenisifu pia, na kwa kuwa kila kazi yangu ya ukutani ilisifiwa, niliamua nimekosea Kiswahili. Nilimfuata Baba nikamuuliza neno gani nimeandika vibaya. Akaniweka kifuani akasema, “Hukukosea kitu, mwanangu. Umeandika vizuri.” Sikumwamini. Nilifuta “lifti” nikaandika “gari”, nikarudisha “lifti”. Siku chache baadaye nikadhani kasoro iko kwenye picha, nikamwongezea babu wa shati jeupe mkono nje ya dirisha, anapunga. Mama alipanda na nguo za kufua, akauona ule mkono. Alizitua nguo palepale. Akalia kwa sauti, kilio cha chini kisicho na maneno, mimi nimesimama na kalamu ya rangi, nikijua sasa kwamba ni mimi, bila kujua ni nini.

Picha hakuitoa. Nadhani ingekuwa afadhali. Kila mtu aliyekwenda chooni aliipita, Baba na sare yake asubuhi akimpita baba yake anayecheka, Mama akimpita baba yake ambaye hakuwahi kumwona, akicheka pia.

Mama alijaribu kuendelea. Wiki za mwisho za mtaala zilikuwa za historia ya familia yenyewe, na asubuhi alikaa kwenye meza ya jikoni na karatasi nyeupe, akaandika sentensi, akaikata. Mimi nilifanya hesabu peke yangu upande wa pili. Siku moja aliniuliza, au alijiuliza, “Ufae familia. Familia ipi?” Alianza kulala mchana kwenye kochi, mtandio juu ya uso. Yule mwanamke wa baraza la jiji aliandika barua ya kuomba kuleta mgeni mwingine aone ngazi yetu, na Mama hakumjibu.

Baba alihamia chumba kimoja Bordesley Green, mtaa mwingine wa jiji hilohilo. Aliondoka siku ya Ijumaa, baada ya kuswali, na begi moja. Waliagana mlangoni kwa heshima, kama majirani, na Mama akamuuliza kama amechukua dawa yake ya kifua. Kila Jumapili alikuja kwa ajili yangu, lakini Mama hakulitumia tena lile neno la zamani. Alisema baba yako anakuja kukufuata.

Septemba nilirudishwa skuli. Siku ya kwanza mwalimu alipoita majina nilijibu kwa sauti kubwa, na sikuacha kusema tangu hapo. Walimu walifurahi sana. Walimwambia Mama kwamba masomo ya nyumbani yamenifaa. Yeye alirudi zamu za mchana, kwenye sinia zake, na sijui ni lini aliibandua ile karatasi. Nilirudi siku moja nikakuta ukuta mtupu, wenye vipande vidogo vyeupe pale gundi ilipokataa kuachia.

Nilielewa nikiwa na miaka kumi na tano. Mwanamke wa Kikongo wa mtaani kwetu aliniomba nikamtafsirie kwa daktari. Daktari alimuuliza kwa nini halali, naye akasema, “Walikuja kumuchukua bwana yangu.” Nilifungua kinywa nitafsiri, na kama zamani, ulimi ukagoma. Niliiona picha yangu, rangi zake zote, na ule mkono nje ya dirisha. Daktari alikuwa akiningoja. Yule mama alinishika goti, akinibembeleza mimi.

Sikuwahi kumwambia Mama samahani. Ningeanzia wapi? Na Baba sikumuuliza lolote mpaka mwaka huu, alipolazwa na kifua chake na madaktari wakaacha kutuambia habari za kupona. Nilikuwa namkata kucha. Nikamuuliza kama baba yake alimwambia walimpeleka wapi.

“Alianza kunambia,” akasema. Pumzi ilimtoka kwa shida. “Siku ileile kwenye simu. Alisema, mwanangu, tulikwenda naye mpaka… Nikamwambia basi, Baba, usijichoshe. Nikakata simu.”

“Kwa nini?”

“Nilidhani nikijua wapi, itanibidi nimwambie mama yako.”

Babu Haji alikuwa amekwisha kufa miaka mingi, na Bibi pia. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumaliza ile sentensi. Nilikwenda kwa Mama moja kwa moja kutoka hospitali. Alinisoma usoni kabla sijaketi.

“Kasema wapi?”

“Hajui, Mama. Hakumwacha amalize.”

Mama alitingisha kichwa taratibu, mara nyingi. Kisha akaniuliza kama Baba anakula, akaenda jikoni akampikia uji wa mtama, akautia kwenye chupa nimpelekee. Baba alikunywa vijiko vitatu, akasema anaujua mkono uliopika.

Hawakuwa wameachana. Baba hakuandika talaka, Mama hakuidai, na miaka yote hiyo kila mmoja alikaa kwake, nao wakiwa bado mume na mke. Kwa hiyo Baba alipokufa, Mama aliingia eda, ile miezi minne na siku kumi ya mjane kukaa ndani. Baadhi ya wanawake wa msikitini walishangaa, mmoja akanivuta pembeni akaniuliza kama mama yangu anajua anachokifanya. Nami niliona anajitesa. Amekaa ndani miezi sasa, bila hina, bila manukato, hatoki ila kwa daktari. Juzi nilimwambia, “Mama, mlikuwa hamkai pamoja. Hakuna atakayekulaumu ukitoka hata hapo dukani.”

“Ni mume wangu,” akasema. “Kafa. Nimeambiwa kafa, nimeambiwa saa ngapi, umenionyesha picha ya kaburi lake.”

Alikuwa akichambua mchele, akautandaza upya kwenye sinia kwa kiganja.

“Mama yangu hakukaa eda mpaka anaingia kaburini. Kila alipotaka kuanza alisema, na kama yu hai? Watu wakija kumposa, na kama yu hai? Akafa hajui kama ni mjane.”

Akaniuliza zimebaki siku ngapi za eda yake. Nilitazama kalenda kwenye simu, nikahesabu mara mbili, nikamwambia ishirini na sita.

“Basi,” Mama akasema, “mimi zangu zinahesabika.”